Siku Mama Alipokataa Kumshika Mukaz

Tulipomzika mama, mhubiri alisimama kando ya jeneza akasema kwamba marehemu alikuwa mwanamke mtiifu. Alilirudia neno hilo kama kiitikio: mtiifu kwa Mungu, mtiifu kwa mume, mtiifu kwa kanisa. Watu waliokaa chini ya turubai wakajibu amina. Mhubiri alikuwa kijana, amehamia Kolwezi juzijuzi, na nadhani hakuna aliyempasha habari za mtu aliyekuwa akimzika. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wa ukoo, nimejifunga kitambaa kichwani, na hasira ilinipanda kabla ya machozi. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba wamekosea maiti. Nikamtazama baba, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye kiti chake cha plastiki, nikanyamaza kwa ajili yake. Lakini kunyamaza siku moja si kunyamaza milele. Nayaandika haya kwa ajili yenu mliokua wakati mmoja na mimi, mkakariri mistari ileile juu ya mabenchi yaleyale ya shule ya Jumapili, mkalala na hofu zilezile.

Tulikaa Manika, mtaa wa Kolwezi, kwenye parsele, kiwanja chenye nyumba ndogo ya matofali na banda la mabati mbele yake. Bandani ndipo baba alipofanyia kazi. Ujanani mwake alichimba madini ya manganizi kule Kisenge, na kazi ilipokufa aliichukua familia yake akaja nayo mjini, akajifunza kuchomelea vyuma. Alitengeneza milango, madirisha na malango. Nyumba yetu yote ilinuka chuma kilichoungua, hata blanketi, hata bukari, ugali wetu. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Siku za juma alivaa ovaroli yenye matundu ya cheche, Jumapili alivaa suti ya kijivu, na katika mavazi yote mawili alikuwa mtu yuleyule: mnyoofu, asiyependa kitu kilichopinda.

Mama aliuza makala, makaa ya kupikia, sokoni. Viganja vyake vilikuwa na weusi usiotoka hata kwa sabuni ya kipande, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kila mama huzaliwa na mikono ya rangi mbili. Hakuwa mwenye maneno mengi. Alizaa watoto kadhaa. Tuliobaki hai ni wawili, Mukaz wa kwanza na mimi wa mwisho. Wale wa katikati walilala makaburini Kisenge, na mama hakuwataja kwa majina ila alipodhani hakuna anayemsikia.

Mukaz alikuwa amefikia umri wa kuota ndevu chache kidevuni alipoacha shule akajiunga na vijana wanaochimba shaba na kobalti. Walitoka kila upande wa nchi, Kasai, Kivu, Lubumbashi, na kila mmoja alikuwa na nyimbo zake na matusi yake. Kaka yangu alirudi nyumbani jioni akiwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Aliniletea vipande vya malakaiti, jiwe la kijani lenye mistari kama mistari ya kiganja, nami nilivipanga dirishani. Wakati mwingine alirudi amelewa lutuku, na siku hizo baba alimsubiri mlangoni, na mama alipita katikati yao akibeba sufuria, kana kwamba kazi ya jikoni ndiyo iliyomleta hapo.

Alikuwa na rafiki, Beya, mtoto wa Kasai asiye na ndugu hata mmoja Kolwezi. Beya alikula kwetu. Alimwita mama yangu mama, na akishamaliza sombe, mboga ya majani ya muhogo, alikwangua chungu kwa kidole huku akinikonyeza, ili nicheke na yeye apate kunyang'anya kipande changu cha samaki. Nilimpenda kwa wizi huo.

Jumapili moja, tulipokuwa tumetoka ibadani, habari zikaja kwamba shimo limeporomoka. Beya alikuwa ndani. Mukaz alikuwa juu akivuta magunia, na udongo ulipoanguka alichimba kwa mikono hadi watu wakamwondoa kwa nguvu, Beya akabaki chini. Alifika nyumbani jioni, jua bado halijazama. Kucha zake hazikuwa kucha tena. Hakulia. Alisimama katikati ya parsele kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Baba alikuwa bandani. Kwa kawaida hakufanya kazi Jumapili hata kidogo, ila ile ilikuwa kazi ya Mungu: lango jipya la kanisa, lenye msalaba katikati. Alizima mashine, akainua kinyago chake cha kuchomelea. Nataka kuwa mwadilifu kwake. Naamini alitaka kumwonya mwanawe aliyebaki hai, na hakuwa na lugha nyingine ya kuonyea. Alimkumbusha habari ya yule mtu wa jangwani, wakati wa Musa, aliyekutwa akiokota kuni siku ya sabato, na mkutano wote ukamtoa nje ya kambi ukampiga mawe. Kisha akasema juu ya Beya, "Wakati ule batu njo balitupa mawe. Leo Mungu iko na mawe yake."

Mukaz alimsukuma kwa mikono yote miwili. Baba akaangukia lango, mahali palipokuwa bado pana moto wa kuchomelea, na ngozi ya mkono wake ikaungua kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Nakumbuka mlio wake, mdogo sana, kama tone la maji kwenye kikaango. Mukaz alitoka akaenda zake. Baba alikaa chini, mkono ndani ya beseni la maji, kisha mama akampaka mafuta. Uso wa baba ulikuwa umelowa, lakini hata mimi mtoto nilielewa kwamba hakulilia mkono. "Mutoto amenipiga," alimwambia mama. Alisema mara moja tu.

Majira hayo pasta wetu alikuwa akifundisha watu wazima sheria ya Musa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti laini, na alijua kufariji wagonjwa. Lakini alikuwa amefika kwenye sura ya Torati inayozungumzia mwana mkaidi na mwasi, mlevi asiyesikia wazazi wake, na jinsi baba na mama wanavyomshika na kumpeleka kwa wazee, langoni, ili watu wa mji wampige mawe hadi afe. Mlezi wetu wa shule ya Jumapili naye alitueleza hadithi hiyo kwa kifupi, ili tuwe watoto wasikivu. Alisema wazee wa zamani walikaa langoni. Alisema watu wote walitupa mawe.

Sasa nitazameni mimi, mtoto mwenye masikio makubwa kuliko akili. Kanisa lilikuwa linajenga ukuta, na kila Jumapili kila familia ilileta mawe. Rundo lilikuwa limefika kimo cha kifua changu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wazee hukaa langoni, na lango alikuwa analitengeneza yeye mwenyewe nyumbani kwetu. Mukaz alikuwa mlevi na hakusikia. Kisha nikamsikia baba akimwambia mama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba siku lango litakaposimamishwa, kijana atapelekwa mbele ya wazee. Vipande vyote vilishikana mbele ya macho yangu kama vyuma vilivyochomelewa. Mawe yapo, wazee wapo, lango liko karibu kwisha. Kilichokosekana ni siku tu.

Sikumwambia mtu mzima. Nilimwambia Mwamini, rafiki yangu wa parsele ya jirani. Wao walikuwa Waislamu, watu wa asili ya Maniema, na baba yake alikuwa na malori ya kubeba mizigo. Mwamini hakupoteza muda kuuliza kama ni kweli. Aliuliza ni mawe ya ukubwa gani. Tukafikiri pamoja. Mawe makubwa hayana hatari, kwa sababu hakuna anayeweza kuyatupa. Madogo yanaumiza tu. Yanayoua ni yale yanayoenea kwenye kiganja cha mwanamume. Basi Mwamini akaleta gunia kutoka kwenye lori la baba yake, na kila siku baada ya shule tuliyachagua mawe hayo, tukayaburuta hadi kwenye mtaro nyuma ya kanisa, tukayatumbukiza mle ndani ya maji machafu. Mikono yetu ilichubuka. Hakuna aliyetuuliza neno. Watoto wanaoburuta gunia Kolwezi hawamshangazi mtu.

Aliyetukuta ni Mukaz. Alikuwa amerudi nyumbani siku kadhaa baada ya kumsukuma baba, akilala kwenye kijumba cha uani na kula peke yake. Alipita njia ya kanisa, akatuona, akauliza tunajenga nini. Nilimwambia tunayaficha mawe.

"Mawe ya nini?"

"Yenye batakupiga nayo."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu Beya afe, na kicheko kilimtoka vibaya, kama kikohozi. Akaniambia kwamba siku hizi hakuna anayempiga mtu mawe kanisani, mambo hayo ni ya zamani, ya watu wa jangwani. Nikamwuliza kwa nini basi baba anampeleka langoni mbele ya wazee, na watamfanya nini. Kicheko kikakatika. Alikaa juu ya rundo, akaokota jiwe moja akaligeuzageuza.

"Banakufukuza," alisema. "Tata anasema mbele ya batu bote kama we si mutoto wake tena. Haurudie ku nyumba. Hakuna muntu wa kanisa anakufungulia mulango."

"Halafu?"

Alitazama upande wa machimbo, ambako vumbi lilisimama juu ya mji, nami nikajua anaona mahali mtu asiye na kwao anapolala. Beya alikuwa mtu asiye na kwao. Basi sikuwa nimekosea sana. Nilikuwa nimekosea mawe tu.

Siku hiyo nilimwendea mama jikoni. Alikuwa anasonga bukari, mguu mmoja umekanyaga mpini wa sufuria isicheze. Nilimweleza yote, mawe, gunia, maneno ya Mukaz. Hakunigombeza. Aliniambia nilete Biblia ya baba nimsomee hapohapo mahali pasta aliposoma, kwa sababu yeye siku ile alikuwa amekaa na watoto wachanga nyuma na hakusikia vizuri. Nikaitafuta sehemu ile, nikasoma polepole, nikiogopa kila neno. Nilipofika pale wazazi wanapomshika mwana, mama akasimamisha mwiko.

"Soma tena pale."

Nikasoma tena. Baba yake na mama yake.

"Bote babili?"

"Bote babili, mama."

Akaendelea kusonga. Mvuke ulimfunika uso. Baada ya muda akasema, si kwangu hasa, "Basi banahitaji mikono yangu." Akapakua chakula, akampelekea baba sahani yake, akampelekea Mukaz yake, na hakuna aliyejua kitu.

Lango likasimamishwa. Lilikuwa zuri, sijapata kuona chuma kilichonyooka vile. Baada ya ibada watu hawakutawanyika. Wazee waliketi kwenye viti vilivyopangwa mbele ya lango, ndani ya uwanja, na sisi wengine tulisimama juani. Mukaz alivaa koti la kuazima lililompwaya mabegani. Alikuja kwa miguu yake, maana angetoroka angekuwa amemwachia baba ushindi. Mimi nilisimama karibu na rundo la mawe, na ingawa nilikuwa nimeambiwa hayatatumika, niliweka mguu juu yake.

Pasta alisoma sheria ile, kisha akaeleza. Alisema sisi si watu wa mawe, sisi ni watu wa neema. Lakini, akasema, sheria ina mwili na ina roho. Mwili umepita, roho inakaa. Roho yake ni kwamba nyumba haiwezi kukaa na mtu anayeinua mkono juu ya baba yake. Wazazi watamshika, watamleta, watatamka kwamba kijana hawasikii, na atawekwa mbali na nyumba na kanisa hadi atakapotubu. Aliyasema haya kwa upole sana. Nimesikia hukumu nyingi tangu siku ile, na ninaziogopa zaidi zile zinazosemwa kwa upole.

Baba alisimama. Mkono wake ulioungua ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Kwa mkono mzima alimshika Mukaz juu ya kiwiko, akamleta mbele ya viti. Kisha pasta akamwita mama.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na wanawake wa kwaya. Hakunyanyuka. Pasta akamwita tena, akidhani hakusikia. Wanawake waliomzunguka wakamgusa bega. Baba alimgeukia, na nikaona usoni mwake kwamba kitu hiki hakikumpitia akilini hata mara moja.

Ndipo mama akasimama, mahali palepale alipokuwa.

"Pasta, mi sikusoma," alisema. "Sheria mi sijue. Lakini umesoma mbele yetu bote: baba na mama bamukamate. Mikono ya baba ni ile. Ya mama ni hii." Akaitoa mikono yake kwenye kitenge, ikaonekana na weusi wake. "Mi nakatala."

Pasta akamwambia, akiwa bado mpole, kwamba hampingi mume wake wala hampingi yeye pasta. Analipinga Neno, na anayelipinga Neno yuko katika uasi uleule wa mwanawe.

"Basi muasi ni mi," mama alisema. "Munikamate mi. Muanze na mi."

Hakuna aliyesogea. Nani angesogea? Walikuwa wazee wenye suti zao, watu wema, waliomjua, walionunua makala kwake. Baba alibaki amesimama na mtoto wake mkononi, upande mmoja umeshikwa na upande wa pili mtupu. Mama hakuketi. Jua lilimpiga usoni naye hakulikinga.

Aliyefuata kusema ni Mukaz. Hakuwatazama wazee. Alimtazama baba, akasema, "Tata, kwa mukono wako, unisamehe. Nimekosa." Akaongeza, "Kwa Beya, siombe musamaha. Beya hakupigwa na Mungu."

Sijui ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi. Niliona vidole vya baba vikilegea kimoja kimoja, mkono ukashuka, na Mukaz akasimama huru mbele ya viti vyote vile. Pasta akasema shauri limeahirishwa. Mama akapita katikati ya watu, akanishika mkono, tukatoka kwenye lango jipya, na Mukaz nyuma yetu.

Msidhani tulishangiliwa. Mukaz alibaki nyumbani, lakini kanisa lilimweka mama chini ya adhabu. Alitolewa kwenye kwaya, akazuiwa meza ya Bwana hadi atakapokiri mbele ya watu kwamba amekosa. Sokoni wapo waliohama wakanunua makala kwa mwingine. Baba hakumtupia neno kali, alifanya lililo gumu zaidi: alinyamaza. Majira yote ya mvua alikula, akashukuru, akarudi bandani. Mama hakuacha kwenda ibadani hata mara moja. Tena alihama kutoka nyuma akakaa benchi la mbele. Mkate ulipopita, alimtazama mbebaji machoni mpaka mbebaji akainamisha macho. Mimi nilikaa kando yake nikiona aibu, na nikiona fahari, na kwa umri ule sikujua kuzitenganisha.

Mukaz hakugeuka malaika. Alirudi kwenye machimbo akafanya kazi huko muda mrefu, hadi baba yake Mwamini alipomchukua kwenye malori, kwanza kama mpakiaji, halafu kama dereva. Lutuku aliipunguza, hakuiacha. Lakini kila jioni alikuwa na mlango wa kuingia. Ninawajua vijana wa rika lake waliotamkiwa neno lile mbele ya watu. Baadhi yao hatujui hata walikozikwa.

Leo mimi ni mwalimu Likasi, nafundisha sekondari, na somo la dini ni langu. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huinua mkono akauliza kwa nini Mungu wa Biblia aliagiza mtoto apigwe mawe. Nimesoma ili niweze kuwajibu. Nawaambia kwamba katika ulimwengu ule wa kale baba mara nyingi alikuwa na mamlaka juu ya uhai wa watoto wake, ndani ya hema lake, bila kumwuliza mtu. Sheria hii ilimtoa nje ya hema. Ilimwambia: huwezi peke yako, lazima mama akubali, lazima uje mchana, langoni, lazima wazee wasikie, lazima mji mzima ubebe mzigo wa damu. Nawaambia kwamba walimu wa Kiyahudi wa baadaye waliizungushia sheria hiyo masharti mengi, hata wako waliosema haikupata kutekelezwa kamwe. Nawaambia pia kwamba jicho kwa jicho lilikuja kuzuia mtu asidai kichwa kwa ajili ya jicho. Wanafunzi huandika, na nyuso zao hutulia.

Mimi hoja hizo hazinitulizi. Naelewa, na nimeelewa vizuri kuliko pasta wetu alivyoelewa, lakini kuelewa si kupiga magoti. Mtu fulani aliandika neno mawe, na mtu mwingine kila kizazi hulichukua likiwa bado na joto. Wengine hulifanya jepesi, hulibadilisha likawa kufukuza, au kuzomea, au kusema juu ya maiti ya mtoto wa watu kwamba Mungu amelipa. Nikimaliza kueleza historia yote ile, huwaambia wanafunzi wangu jambo ambalo haliko katika kitabu cha kiada: sheria inayohitaji mikono yako imekupa nafasi ya kuinyima. Mkurugenzi wa shule amewahi kuniita juu ya maneno hayo. Niliyarudia mwaka uliofuata.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza baba, mama akiwa sokoni, angefanya nini siku ile kama mama angesimama na kushika upande wa pili. Alikuwa ananoa patasi. Hakujifanya kwamba hajaelewa.

"Ningemutoa," alisema. "Ningesema maneno yote." Akaendelea kunoa. "Na leo ningekuwa muntu wa haki, bila mutoto."

Nilimheshimu kwa ukweli huo kuliko kwa uzee wake wa kanisa.

Yule pasta wa kwanza alihamishwa, akaja mwingine, mtu mzima mwenye miwani minene. Mara alipofika aliwaita waliokuwa chini ya adhabu, mmoja mmoja, awarudishe. Wengi walisema wamekosa, hata waliosahau kosa lenyewe. Mama hakwenda kuitika. Basi Jumapili ya meza ya Bwana, mimi nikiwa nimerudi nyumbani likizo, pasta mwenyewe alichukua sahani kutoka kwa shemasi akashuka hadi benchi la mbele. Alisema kwa sauti ya chini, ila sisi tulio karibu tulisikia, kwamba anamwomba neno moja tu la toba, hata la moyoni, ili apate kumpa.

Mama alimjibu kwa sauti ileile ya chini. "Pasta, siku ile ikirudi leo, nitakatala tena."

Pasta alibaki ameinama mbele yake, sahani mkononi. Kanisa zima lilingoja. Miongoni mwa viti vya wazee baba alikuwa ameinua kichwa, na Mukaz alisimama karibu na mlango akiwa amembeba mtoto wake wa kwanza, asiyejua kunyamaza. Sijui pasta alifikiri nini nyuma ya miwani ile. Nilichoona ni kwamba hakuondoka. Alisogeza sahani mbele kidogo, kimya, na mama akanyoosha mkono wake wenye weusi, akachukua mkate, akaula polepole, kama mtu anayekula chakula cha nyumbani kwake.